Dawa ya Maumivu Isigeuzwe Kasumba

VIAZI vya Matamba havishuki Chimala kwa miguu yao. Kabla lori halijaanza kuteremka zile kona 57 za mlima ule mashuhuri, kila gunia limekwisha kupita juu ya mgongo wa mtu. Mtu huyo aghalabu ni kijana. Hana mkataba, hana bima, na ujira wake hupimwa kwa idadi ya magunia aliyopakia. Ifikapo jioni mgongo wake unawaka moto, na alfajiri ya kesho lori jingine linamngoja. Ndipo anapofanya lile ambalo kila mwenye maumivu hulifanya: anatafuta kidonge.

Hakuna aibu katika kutafuta kidonge. Maumivu si sifa ya uzalendo, wala mfanyakazi hakuzaliwa ili ateseke. Aibu iko katika namna kidonge hicho kinavyomfikia. Katika miji midogo mingi ya nchi hii kidonge hukatwa kwa mkasi kutoka katika pakiti yake, jina likabaki upande wa muuzaji na dawa ikaenda upande wa mgonjwa. Hutiwa katika bahasha ndogo, au katika kipande cha karatasi ya daftari, na juu yake huandikwa 1x3. Fedha hupokelewa, na mazungumzo yamekwisha.

Kama kidonge hicho ni parasetamoli peke yake, madhara huenda yakawa madogo. Lakini kama ni kile cha maumivu makubwa zaidi, chenye parasetamoli pamoja na kodeini, au parasetamoli pamoja na tramadoli, basi jambo lililofanyika pale dukani si huduma tena. Dawa ya namna hiyo, ikitolewa bila jina, bila hesabu ya siku na bila neno la tahadhari, ni ulanguzi uliovaa koti jeupe. Nao watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wenye macho ya kusoma na midomo ya kusema, wana sehemu yao ya lawama.

KIDONGE KIMOJA, DAWA MBILI

Yafaa ieleweke kwanza kitu gani kinazungumzwa. Yapo maumivu madogo, ambayo parasetamoli huyatuliza. Yapo maumivu makali mno, kama yale ya saratani iliyoenea, ambayo huhitaji mofini. Kati ya hayo mawili yapo maumivu ya wastani: jino lililong'olewa kwa taabu, mfupa uliovunjika, kidonda cha upasuaji. Kwa hayo waganga huunganisha dawa mbili katika kidonge kimoja, ili kila moja ifanye kazi kwa njia yake na mgonjwa apate nafuu kubwa kwa kipimo kidogo. Mpango huo una akili ndani yake, na umewasaidia mamilioni ya watu ulimwenguni.

Lakini dawa ya pili katika kidonge hicho ina ukoo wake. Wanasiasa wa nchi hii walilizoea sana neno kasumba. Kasumba ya ukoloni, walisema, humfanya mtu aipende minyororo yake. Neno hilo, kabla halijawa msemo wa majukwaani, lilikuwa jina la kitu cha kushikwa mkononi: utomvu mkavu wa mmea wa afyuni, uliowalaza watu usingizi na kuwafanya watumwa wake. Kodeini hupatikana katika utomvu huohuo. Tramadoli huundwa kiwandani, lakini hubisha mlango uleule wa ubongo. Kwa hiyo anayemeza kidonge hiki anameza dawa halisi, na pia anameza kipande kidogo cha kasumba. Ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha yake.

HESABU YA DARASA LA TATU

Upande wa parasetamoli, hatari yake ni ya hesabu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kutosha haruhusiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye mwili mdogo, mwenye utapiamlo, mwenye ugonjwa wa ini na mnywaji wa kila siku, hao kipimo chao ni kidogo zaidi, na huamuliwa na mganga.

Sasa atazamwe yule mpakiaji. Tuseme kidonge chake kina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 30 za kodeini, naye anameza viwili mara nne kwa siku. Hapo amekwisha kufika gramu 4, ukingo wenyewe. Jioni kichwa kinamgonga, anaongeza Panadol mbili; amefika gramu 5. Usiku mafua yanamshika, ananunua dawa ya mafua ambayo nayo, kama nyingi za aina yake, ina parasetamoli ndani. Amefika gramu 6. Hakukusudia kujidhuru. Alimeza dawa tatu zenye majina matatu, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake mna kitu kimoja.

Ubaya wa sumu hii ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu huweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie lolote. Ini huanza kudhihirisha uharibifu siku ya pili na ya tatu; macho huwa ya manjano, tumbo huuma upande wa kuume, akili huanza kupotea. Ipo dawa ya kuokoa ini hilo, nayo ni asetilisisteini, lakini hufanya kazi bora ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo. Anayengoja mpaka aone ugonjwa ndipo atafute gari la kumshusha Chimala au la kumpeleka Ikonda, ameshaipoteza nafasi iliyo bora. Katika nchi ya milima, ambako hospitali ni mwendo wa saa kadhaa, kuzuia si hiari ya mtu mwangalifu. Ndiyo tiba yenyewe.

MIILI HAILINGANI

Upande wa kodeini na tramadoli hatari ni ya namna nyingine. Kodeini yenyewe ni dhaifu. Nguvu yake huja pale ini linapoigeuza sehemu yake kuwa mofini. Lakini miili ya wanadamu haikupewa kasi moja. Wapo ambao ini lao halifanyi mageuzi hayo sawasawa. Hao humeza na wasipate nafuu. Wapo pia ambao ini lao hufanya mageuzi kwa haraka kubwa; hao kipimo cha kawaida huwageukia kuwa kipimo cha hatari. Jambo hili si la Ulaya tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta karibu watu 29 kati ya kila 100 waliopimwa nchini Ethiopia wakiwa na urithi wa kasi hiyo. Afrika ya Mashariki, basi, haina sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa hadithi ya mbali.

Waliolipa deni la ujinga huu kwa mara ya kwanza ni watoto. Watoto waliopewa kodeini baada ya kukatwa mafindofindo walilala wasiamke, na mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Marekani na wa Ulaya walitoa maonyo makali. Mwaka 2017 Marekani ilikwenda mbele zaidi: ikakataza kodeini na tramadoli kwa kutuliza maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na ikaonya kwamba mama anyonyeshaye asizitumie, kwa kuwa dawa hupita katika maziwa. Sheria hiyo ni rahisi kukumbuka kuliko jedwali la kuzidisha. Hata hivyo ni mzazi gani anayeambiwa haya, anapopokea bahasha iliyoandikwa 1x3?

Tena kuna pombe. Majira ya mvua mianzi ya Njombe na Makete hukatwa ncha na kutoa ulanzi, na ulanzi ni kinywaji cha ujirani. Mtu akitoka kazini hukaribishwa na si adabu kukataa. Lakini dawa ya ukoo wa kasumba hupunguza mwendo wa pumzi, na pombe hupunguza mwendo wa pumzi. Vikikutana tumboni, vinasaidiana. Mtu hulala usingizi mzito usio wa kawaida, hukoroma kwa namna ya ajabu, mboni za macho husinyaa kuwa kama kichwa cha sindano, midomo hubadilika rangi, na pumzi huhesabika. Wenzake hucheka kwamba amelewa. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake hata dakika moja: alazwe ubavu, njia yake ya hewa ilindwe, na apelekwe kwa mganga upesi, kwa kuwa ipo sindano iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha. Kumwacha alale ili ulevi umtoke ni kumzika kabla ya wakati.

Na kuna usukani. Dereva wa lori aliyemeza kidonge hiki ili kutuliza kiuno, kisha akashika zile kona 57 kuelekea Chimala, amebeba viazi, amebeba utingo wake, na amebeba usingizi. Kona ya mlima haisikilizi udhuru wa mgonjwa.

Mwisho kuna mazoea. Mwili hujifunza. Dozi iliyotosha juzi haitoshi leo, nayo ya leo haitatosha wiki ijayo. Anayeacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu hutoka jasho, huharisha, hukosa usingizi na mwili mzima humuuma. Yeye hudhani ugonjwa wa mgongo umerudi, kumbe ni dawa inayodai ushuru wake. Hurudi dukani, na muuzaji hufurahi kuona mteja. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, pakiti za kodeini zinazouzwa bila cheti zimeandikwa waziwazi kwamba dawa hiyo yaweza kuleta uraibu na kwamba ni ya siku 3 tu. Siku tatu! Mwananchi wa Matamba naye ana ini na ubongo kama Mwingereza. Kwa nini yeye asistahili maneno hayo?

WASEMAO KWAMBA MASKINI HANA NJIA

Wapo watakaojibu kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini. Watasema: zahanati iko mbali, foleni ni ndefu, dawa huisha, na duka la dawa ndilo mkombozi wa mwanakijiji, kulibana duka ni kumbana maskini. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo yafaa iheshimiwe. Duka la dawa limeokoa watu wengi. Serikali yenyewe ililitambua hilo. Mwaka 2003, katika Mkoa wa Ruvuma, jirani wa Njombe, ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao ulikusudiwa kuyaondoa maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza kila kitu bila ujuzi. Wauzaji walipewa mafunzo, na duka likapewa orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Mpango huo ukaenezwa nchini.

Lakini maana ya mpango ule ilikuwa nini, ikiwa si kwamba maskini anastahili dawa pamoja na ujuzi? Anayesema kwamba mwanakijiji aridhike na kidonge kisicho na maelezo kwa sababu ni maskini, anasema kwa lugha nyingine kwamba uhai wa maskini una bei ya chini. Dawa za jamii ya kasumba hazikuwekwa nyuma ya cheti ili kuwatesa wanyonge. Ziliwekwa huko ili kati ya dawa na mgonjwa asimame mtu mwenye kuuliza: una umri gani, una ini la namna gani, unanyonyesha, unakunywa, unaendesha gari, umemeza nini tangu asubuhi? Maswali hayo ndiyo nusu ya dawa. Muuzaji anayetoa kidonge na kuyaficha maswali ameuza nusu na kutoza bei nzima.

Na hizo alama 1x3, ambazo zimekuwa maandiko matakatifu ya bahasha zote, zatosha kuchekesha kama zisingekuwa za hatari. Mwalimu wa hesabu amemfundisha mtoto kwamba 1x3 ni 3. Mgonjwa aliyelishika somo lake barabara atalaumiwa kwa lipi akimeza vitatu kwa mkupuo? Mganga ana maana ya kimoja, mara tatu kwa siku, kwa saa zilizoachana. Lakini maana hiyo imo kichwani mwa mganga. Katika bahasha haimo.

WASEMAO KWAMBA IPIGWE MARUFUKU

Wapo wengine, wa upande wa pili, ambao wakisikia neno kasumba hutaka amri. Ipigwe marufuku, husema, na kila atakayeonekana nayo akamatwe. Nigeria ilifika hapo. Tarehe 1 Mei 2018, baada ya habari za vijana waliokuwa wakinywa dawa ya kikohozi yenye kodeini kama pombe, serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa hiyo. Ilikuwa hatua ya ushujaa, na hakuna wa kuibeza. Lakini baada ya hapo shehena za tramadoli ya magendo ziliendelea kukamatwa katika bandari za nchi hiyohiyo. Mlango mmoja ulifungwa. Kiu ilibaki, na walanguzi wakatafuta dirisha.

Zaidi ya hayo, marufuku ya jumla humpiga mgonjwa kabla ya kumpiga mlanguzi. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa hesabu ya kuhuzunisha. Katika tani zipatazo 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Huo ni unyonyaji usiosemwa majukwaani: matajiri wana dawa hata ya kuharibia vijana wao, na maskini hufa wakilia.

Watu wa Njombe hawahitaji kufundishwa maana ya kufa mtu akilia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011-12 uliukuta mkoa huo ukiwa wa kwanza nchini kwa maambukizo ya virusi vya Ukimwi, asilimia 14.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Na uchunguzi wa mwaka 2022-23 uliukuta bado ukiongoza, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika, wagonjwa waliuguzwa nyumbani na mama zao na bibi zao, na jirani alisikia usiku kucha. Kumwambia bibi aliyeuguza watoto wake hivyo kwamba dawa ya maumivu ni uhuni, ni ukatili.

Njia iliyo sawa imeonyeshwa na majirani. Nchini Uganda, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akawapa wagonjwa wa saratani na Ukimwi mofini ya kunywa, tena majumbani mwao. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Uganda haikumwaga dawa mitaani, wala haikuifungia kabatini. Iliongeza watu wenye ujuzi. Dawa yenye nguvu ilipelekwa kijijini ikiwa imeshikwa mkono na mtu anayejua kuieleza.

FEDHA HAINA HURUMA

Na yeyote anayedhani kwamba soko litajirekebisha lenyewe, na aitazame Marekani. Huko kidonge cha mchanganyiko wa namna hiihii, chenye parasetamoli na dawa iitwayo haidrokodoni, kilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa dawa zilizoandikwa kuliko zote. Mwaka 2011 serikali ililazimika kuagiza kwamba parasetamoli katika vidonge vya mchanganyiko vya cheti isizidi miligramu 325, kwa sababu ya maini yaliyokuwa yakiangamia. Na mwaka 2014 vidonge vya haidrokodoni viliwekwa chini ya udhibiti mkali zaidi. Kampuni ya Purdue nayo, iliyouza dawa ya jamii hiyo iitwayo OxyContin, ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007 kwa kuwapotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuachia breki. Watu waliozoeshwa kwa vidonge wakaenda kwenye heroini na sumu kali kuliko heroini, na mwaka 2021 peke yake zaidi ya Wamarekani 80,000 walikufa kwa dawa za jamii hiyo.

Nchi ile ina madaktari wengi, mahakama nyingi na magazeti mengi. Hata hivyo ilizama, kwa sababu aliyeuza alilipwa kwa wingi wa vidonge, na aliyenunua hakuambiwa ukweli. Mambo hayo mawili hayahitaji utajiri ili yatokee. Yanaweza kutokea mbele ya meza ya mbao, katika duka lenye taa ya mafuta.

KABATI LA MTUMISHI

Lakini ni rahisi kumnyooshea kidole muuzaji na kusahau kabati la nyumbani. Mtumishi wa umma na mwalimu wana kadi ya bima ya afya. Huandikiwa dawa na daktari, huipokea ikiwa na jina lake, humeza siku mbili, hupata nafuu, na vidonge vilivyobaki huviweka juu ya kabati. Hapo ndipo duka la pili linapofunguliwa. Mke anaumwa mgongo, apewe kimoja. Msaidizi wa nyumbani anaumwa jino, apewe viwili. Mtoto wa darasa la nne ana homa na analia usiku, avunjiwe nusu. Katika chumba cha walimu mwenzake analalamika kichwa, na kidonge kinatolewa mfukoni kwa moyo wa udugu kabisa.

Udugu huo ni mwema, lakini una upofu. Daktari aliandika dawa ile kwa mtu mmoja aliyemwona kwa macho yake. Hakuiandikia familia, wala shule, wala ofisi ya kata. Msomi anayegawa dawa ya cheti bila cheti anafanya lilelile analomlaumu muuzaji wa sokoni, tofauti ikiwa ni kwamba yeye hatozi fedha. Ini la mtoto halitambui tofauti hiyo. Dawa iliyobaki irudishwe kwa mfamasia au kituo cha afya. Na ile inayotumika iwekwe mahali palipofungwa, mbali na mkono wa mtoto na wa mgeni.

MANENO MATANO

Basi la kufanya ni lipi? Halihitaji msaada wa wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Linahitaji kalamu. Kila bahasha ya dawa hii iandikwe mambo matano kwa Kiswahili kinachosomeka: jina la dawa na vitu viwili vilivyomo, vidonge vingapi kwa mara moja, na saa zisizopungua ngapi kati ya mara na mara, idadi ya juu kwa siku nzima, siku ya kuacha, na makatazo, yaani pombe, Panadol ya nyongeza, usukani, mama anyonyeshaye, na mtoto aliye chini ya miaka 12. Muuzaji asiyeweza kuandika hayo hana haki ya kuishika dawa hiyo. Muuzaji asiye na ruhusa ya kuishika aambiwe hivyo na viongozi wa kata bila kuoneana haya, na sheria za dawa, ambazo nchi inazo, ziache kulala katika makabati ya ofisi.

Mwalimu naye asiseme kwamba afya si somo lake. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Hawakungoja kila mmoja wao awe daktari. Taifa lililoweza kufundisha choo kwa redio haliwezi kushindwa kufundisha bahasha. Mtoto wa darasa la sita anayejua kusoma gramu na miligramu anaweza kumsomea bibi yake pakiti ya dawa. Somo la vipimo halitapata mfano ulio bora kuliko huo. Mtendaji wa kata anayeitisha mkutano wa maji na barabara anaweza kumpa mganga wa kituo robo saa ya kueleza kidonge hiki. Mgonjwa naye ajifunze kudai: asiondoke dukani mpaka jina la dawa limeandikwa, kama asivyoondoka mizani mpaka kilo zimesomwa.

Na kwa kuwa mizani imetajwa, liko neno moja limebaki. Maumivu ya yule mpakiaji hayakutoka mbinguni. Yametoka katika gunia la lumbesa, lililoshonwa kilemba juu ya kilemba ili mnunuzi apate viazi vingi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inalikataza gunia hilo, kwa kuwa humwibia mkulima. Linamwibia mpakiaji pia, maana linachukua uti wake wa mgongo bila kulipa. Kumpa mtu huyo kidonge chenye kasumba kila jioni ili aweze kulibeba gunia la haramu kila asubuhi si kumtibu. Ni kuwasaidia walanguzi kumtumia mpaka aishe. Gunia likirudi katika kipimo chake cha halali, vidonge vingi havitahitajika, na vile vitakavyohitajika vitapewa wale wenye haki navyo: aliyevunjika mfupa, aliyetoka kupasuliwa, anayekaribia kufa.

Nao hao wapewe, wala wasinyimwe hata kimoja. Lakini wapewe kama watu. Wapewe dawa yenye jina, yenye hesabu, yenye siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kinyume cha hapo, wale waliotumia nusu ya maisha yao wakiikemea kasumba majukwaani watakuwa wameipokea kwa mikono miwili, imetiwa katika bahasha ndogo, imeandikwa 1x3.